Rasimu ya Kumwondoa Shangazi

Uwamahoro wa Nyakarenzo aliolewa akiwa ndani ya gauni lenye mkono mmoja mweupe na mwingine wa rangi ya krimu. Gauni lilishonwa kwetu. Siku ya harusi hakuna aliyesema neno, kwa sababu watu wa kule wana adabu, lakini Jumatatu asubuhi mama yake alishuka Kamembe na picha, akazipanga juu ya meza ya kukatia, akavuta kiti, akasubiri tuzitazame moja moja. Alikunywa chai yetu mpaka ikaisha. Kisha akauliza kama ule mkono wa kulia ndio mtindo wa mwaka huu.

Mimi ndiye ninayepokea wateja na kushughulika na kompyuta, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kumjibu kwamba hapana, si mtindo.

Lile gauni lilikuwa limepita kwa kila mtu anayetakiwa kulipitia. Laurence, mkataji wetu, aliishiwa na jora moja akamalizia na jora jingine. Anasema aliona tofauti kidogo, akajisemea kwamba kama ni kosa Shangazi ataliona. Washonaji nao waliona, wakajisemea hivyo hivyo. Kisha gauni likafika kwa Shangazi Zulaikha, dada yake baba yangu na mwenye ateliye hii ya ushonaji, ambaye tangu sijazaliwa hakuna nguo inayotoka mlangoni kwake bila yeye kuiangalia. Akaliweka magotini, akaligeuza, akapitisha vidole kwenye kila mshono, akasema liko sawa. Mishono ilikuwa sawa kweli. Kilichokuwa kibaya ni rangi, na rangi haishikiki kwa vidole.

Wote tulijua. Macho ya Shangazi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na hakuna aliyethubutu kulisema, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alichosema ni kwamba balbu za siku hizi hazina nguvu. Tukabadilisha balbu. Akasema na hizi wametudanganya. Tukabadilisha tena, na sasa ateliye yetu ina mwanga mkali kiasi kwamba wateja wakiingia hukunja uso, na Shangazi bado anatafuta mkasi kwa kupapasa meza. Nampenda sana shangazi yangu, na jambo hili lilikuwa likinikera kila siku ya Mungu.

Sasa lazima nieleze kompyuta. Nitaeleza mara moja tu. Niliporudi kutoka Kigali, ambako nilifanya kazi kwenye ofisi ya watu wanaotengeneza programu, nilikuja na mfumo tuliokuwa tukiutumia kufuatilia makosa. Kosa likigunduliwa linafunguliwa kadi, na kadi inapita hatua kwa hatua mpaka kosa linarekebishwa na kadi inafungwa. Nikaona gauni nalo ni hivyo hivyo. Ndani ya mfumo ule kila gauni linaitwa hitilafu, na mteja anaitwa aliyeripoti hitilafu. Maneno hayo hayabadilishiki, nimejaribu. Bi harusi Uwamahoro aliripoti hitilafu moja ya mikono mirefu, yenye kipaumbele cha juu.

Majina ya hatua niliyaweka mwenyewe: Kipimo, Kukata, Kushona, Macho ya Shangazi, Pasi, Kuvuka. Kuvuka ni kwa sababu wateja wetu wengi wako Bukavu, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na Muderhwa ndiye anayewapelekea nguo kwa daraja la Rusizi ya Pili. Printa haitoi lebo yenye jina la mteja mpaka kadi ifike Pasi, na Muderhwa habebi nguo isiyo na lebo, kwa kuwa aliwahi kuulizwa pale mpakani magauni yote yale ni ya nani na hakuwa na la kujibu. Jina la hatua ya nne niliandika kwa heshima. Shangazi alilipenda. Aliniambia nimsomee tena.

Mfumo uliuliza pia mmiliki ni nani. Nilipompelekea Shangazi swali hilo alinitazama kama vile nimemuuliza nyumba hii ni ya nani. Nikaandika jina lake na namba ya simu yake, nikaendelea na mambo mengine.

Wiki ya zile picha, Hirwa aliitisha mkutano. Hirwa ni mwana wa Shangazi na meneja wetu. Ana mabega mapana, ana ndevu, na akiongea na wafanyabiashara wa Bukavu hahitaji simu, wanamsikia. Mkutano aliuweka siku ambayo mama yake amekwenda Giheke kuhani msiba. Tulikubaliana haraka. Hatua ya Macho ya Shangazi iondolewe, mahali pake pawe na Ukaguzi, na mkaguzi awe Laurence, kwa kuwa kosa la jora lilianzia kwake na sasa angekuwa na hofu ya kutosha. Hirwa akauliza kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno. Tukapiga makofi.

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni sisi tu tungeweza kukosea namna ile. Kwetu mkutano ukishapigiwa makofi, jambo limekwisha. Anayeuliza swali baada ya makofi anaonekana mtu wa kupotezea wenzake muda. Tangu dakika ile washonaji wakaanza kupeleka nguo moja kwa moja kwa Laurence, na Laurence akawa anazipeleka kwa pasi. Lakini mfumo haukuwa mkutanoni. Njia inayotumiwa na kadi haiguswi wakati kadi zinapita. Unachora rasimu yake pembeni, na rasimu haibadilishi kitu chochote mpaka ichapishwe. Rasimu niliichora siku ile ile. Hatua ya Shangazi nikaifuta, ya Laurence nikaiweka, mishale nikainyoosha. Nikabonyeza Chapisha. Mfumo ukanijibu kwamba kuchapisha ni haki ya mmiliki peke yake.

Mmiliki alikuwa bado msibani Giheke.

Nilimweleza Hirwa kwamba mtu pekee anayeruhusiwa kumwondoa mama yake ni mama yake. Akasema si tulishapiga makofi. Nikasema tulipiga. Akasema basi.

Basi, nguo zikapigwa pasi na kutundikwa, nzuri, zimenyooka, bila jina hata moja. Kadi zake zote zilikuwa zimesimama kwenye Macho ya Shangazi, kwa sababu kwa kompyuta Shangazi alikuwa bado hajaziangalia. Printa ilikaa kimya. Muderhwa alikuja na baiskeli yake na mfuko mkubwa wa plastiki, akasimama mbele ya magauni kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu asiowajua.

“Gasaro, hizi robu ni za nani?”

“Ni za baklienti.”

“Baklienti njo bengi. Ku mupaka nitasema nini? Nitasema ni za bantu?”

Aliondoka na mfuko mtupu. Bukavu wakaanza kupiga simu, kwanza kwa upole, halafu kwa Kifaransa.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa simu ya Shangazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipanga ilie kila kadi inapofika kwenye hatua yake, ili ajue kuna nguo inakuja. Sasa aliporudi kutoka msibani alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitambaa safi kimetandikwa magotini ili nguo za watu zisichafuke, mikono juu ya kitambaa, na simu inalia. Inalia, yeye ananyoosha mikono kidogo, na hakuna anayemwekea kitu. Baada ya muda anairudisha magotini.

“Gasaro, simu iko nalia. Inasema kazi imefika.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Kazi yenyewe iko wapi, iko fashi gani?”

“Ni rezo, Mama,” Hirwa akadakia kutoka mlangoni. “Rezo iko mubaya leo.”

Rezo, yaani mtandao, ilikuwa mbaya siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Washonaji walijifunza kuinamisha vichwa kila simu inapolia. Laurence alianza kupita njia ya nyuma ya kabati ili asipite mbele ya kile kiti akiwa amebeba gauni. Laurence alizaliwa ng'ambo, Bukavu, na familia yake iliporudi hawakuwa na mtu hapa Kamembe. Shangazi alimpa mkasi na nusu ya meza, na hajawahi kumtajia hilo. Nilimwona akipita nyuma ya kabati, mtu mzima mwenye watoto, amekunja gauni la harusi chini ya kwapa kama ameliiba, na niliona aibu kwa ajili yetu sote.

Nilimwambia Hirwa aende akazungumze na mama yake. Akasema atakwenda. Alikwenda sokoni. Aliporudi alikuwa amepata wazo.

“Umuambie ni abonema ya mwaka, ile ya kulipia kompyuta,” akasema. “Abonema ikiisha, mwenye mali anaweka kidole. Aweke kidole tu.”

“Atataka kujua nini imeandikwa.”

“Hawezi ona ile maandiko, Gasaro. Unajua.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile kulisema, na alilisema ili limfae. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

“Na kisha?” nikamuuliza.

“Kisha nini?”

“Kisha simu itanyamaza. Atauliza juu ya nini imenyamaza.”

Hirwa akafikiri.

“Utamuambia ni rezo.”

Nilimfuata Shangazi baada ya sala ya adhuhuri. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na magoti yake, nikachukua simu yake, nikaifungua kwenye ukurasa wa rasimu. Neno abonema nilikuwa nalo mdomoni, tayari kabisa. Hirwa alikuwa upande wa pili wa chumba anahesabu vifungo ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

“Shangazi, iko kitu mu simu inahitaji kidole yako.”

“Nisomee.”

Shangazi ndiye aliyenifundisha kusoma, kabla sijaanza shule, kwa karatasi za vipimo vya wateja. Bega, kifua, kiuno, urefu. Nilikuwa nakaa hapa hapa, yeye anaweka kidole chini ya neno na mimi nalisema, na nikibuni neno ambalo halipo anagongagonga kidole kwenye karatasi, taratibu, mpaka nilisome lile lililopo. Nilitazama skrini. Abonema haikuwepo.

“Imeandikwa: Unakaribia kuchapisha rasimu ya njia,” nikasoma. “Hatua ifuatayo itaondolewa. Macho ya Shangazi.”

Vifungo vya Hirwa vikanyamaza.

“Soma tena,” akasema Shangazi.

Nikasoma tena.

“Nani alichora hii kitu?”

“Ni miye, Shangazi. Lakini tulipatana bote.”

“Siku gani?”

“Ile siku ulienda Giheke.”

Vidole vyake vikanyoosha kile kitambaa cha magotini ambacho kilikuwa kimenyooka.

“Mulipiga makofi?”

“Tulipiga.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kwamba angalau maiti alioshwa vizuri. Hakumwita Hirwa. Hirwa alikuwa amesimama pale pale na kifungo kimoja kati ya vidole, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilimwonea huruma, kidogo.

“Endelea. Iko nauliza nini tena?”

“Inauliza kama tuchunge kopi ya njia ya zamani, isipotee.”

“Muichunge.”

Nikaweka alama.

“Inauliza zile kadi zenye ziko kwako, zenye hazijatoka. Hatua ikiondoka, zenyewe ziende fashi gani.”

“Ziende ku pasi,” akasema Shangazi. “Si ziko ku pasi tayari? Niko nasikia harufu ya pasi hii wiki yote, na hakuna robu hata moja ilipita ku magoti yangu. Munafikiri pua nayo imekufa?”

Nikachagua Pasi. Mfumo ukaniambia kwamba kadi zote zimepangiwa mahali pa kwenda na sasa mmiliki anaweza kuendelea. Nilimsomea hilo pia, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nimekwishaanza.

“Kadi zote zimepata fashi,” akarudia.

“Ndiyo.”

“Na miye? Imeuliza miye nitaenda fashi gani?”

Nilitazama skrini yote, juu mpaka chini, kama mjinga, kana kwamba huenda swali hilo lipo na sikuliona. Nilikuwa nimeshafanya kazi na mfumo ule kwa miaka. Najua kila kisanduku chake.

“Hapana, Shangazi. Inauliza ya kadi tu.”

“Haya. Kidole niweke wapi?”

Nikamshika kidole cha shahada. Kilikuwa kigumu kwenye ncha, mahali pa sindano. Nikakipeleka mpaka juu ya kitufe na sikukisukuma. Nilitaka akisukume mwenyewe, au asikisukume. Akasema bismillah, akabonyeza. Mfumo ukaandika kwamba rasimu imechapishwa, na ukarusha vipande vya karatasi za rangi kwenye skrini nzima, kama unavyofanya kila jambo linapofanikiwa. Hilo sikumsomea.

Printa ikaamka upande wa pili na kuanza kutema lebo, moja baada ya nyingine, majina ya watu wote wa Bukavu. Shangazi aliisikiliza mpaka ikamaliza. Kisha akaniomba maji.

Muderhwa alivuka na kila kitu siku ile ile. Wateja wakaacha Kifaransa. Hirwa alinijia jioni wakati nafunga kompyuta, akaniuliza mama yake alikuwa amesema nini hasa, kwa kuwa hakusikia vizuri kutokana na printa. Nikamwambia aende akamuulize. Akasema atakwenda, na nadhani safari hii alikwenda, kwa sababu kesho yake macho yake yalikuwa mekundu na hakupiga kelele na mtu yeyote.

Kesho yake hiyo hiyo Shangazi alikuja saa yake ya kila siku. Alisalimia kila mtu kwa jina, akatandika kile kitambaa magotini, akaweka mikono juu yake. Simu ilikuwa pembeni. Haikulia. Washonaji waliendelea kushona na mimi niliendelea kujifanya naandika, na nawaambia, ile simu ilipokuwa inalia bure ilikuwa afadhali.

Gauni la kwanza kumaliza kushonwa lilikuwa la harusi, jeupe, la binti mmoja wa Bukavu ambaye mama yake ana wasiwasi na ana simu mbili. Mshonaji akalipeleka kwa Laurence, na kadi ikaingia Ukaguzi, kama tulivyokubaliana, kama tulivyopigia makofi, kama ilivyochapishwa. Laurence akalitandaza mezani. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Ilikuwa nguo yake ya kwanza kuikagua kwa haki, na alikuwa anaitazama kama vile itamuuma.

Simu ya mezani kwangu ikaita. Alikuwa yule mama.

“Robu ya mtoto wangu imefika wapi?”

Nikaangalia kompyuta.

“Iko ku Ukaguzi, Maman.”

Nilipoinua kichwa haikuwa Ukaguzi. Laurence alikuwa amelibeba gauni lote mikononi, wazi, na safari hii hakupita nyuma ya kabati. Alipita katikati ya mashini mpaka dirishani, akaliweka juu ya magoti ya Shangazi, akasimama pembeni. Mikono ya Shangazi ilijua. Ilianza kwenye bega, ikashuka na mshono wa ubavu, ikarudi, ikaingia ndani, ikapita kwenye pindo lote la chini, taratibu kama zamani. Mashini moja ilisimama, halafu nyingine. Hirwa alikuwa mlangoni na hakuita mtu arudi kazini.

“Mishono iko sawa,” Shangazi akasema.

Huwa akishasema hivyo analikunja gauni na kulitoa. Hakulikunja. Aliipapasa mikono ya gauni, akaiweka sambamba, mmoja kwenye kila kiganja, akaiinua kuelekea mahali Laurence alipokuwa amesimama.

“Rangi uangalie weye,” akasema. “Miye sioni.”

Laurence aliipokea ile mikono ya gauni kwa mikono yake miwili. Akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilijua ni kwa nini hageuki.

“Ni moja, Maman,” akasema mwishowe. “Yote ni nyeupe.”

“Haya. Ipelekwe ku pasi.”

Nikaisogeza kadi kwenda Pasi. Printa ikatoa lebo. Mashini zikaanza tena, moja moja, na hakuna aliyetaja balbu.